Majivu ya Alizeti

Machi 2

Mpwa wangu ameniletea daftari jipya, karatasi nyeupe mpaka naogopa kuzichafua. Anataka niandike mvua ilivyonyesha na mimea ilivyokua, basi. Lakini mtu kama mimi kuandikishwa mvua peke yake ni kufunga fahali kwenye baiskeli. Nitaandika na mengine. Niliishia darasa la sita, lakini la sita la zamani, ambalo mwalimu mkuu akikwama kwenye hesabu alikuwa anatuma watu wanifuate machungani.

Nianze na habari kubwa, ingawa haina utamu. Shamba langu lina sumu.

Nyuma ya ukuta wangu palikuwa na karakana ya kuyeyusha betri kuukuu. Wenyewe wamefunga, wamehama, moshi wao wameuacha ardhini. Mpwa wangu huyu, binti wa dada yangu, amesomea mambo ya udongo. Alichota udongo wangu kwenye vikopo, akaupeleka maabara anakofanya kazi, akarudi uso umekunjamana. Udongo una risasi. Siyo ile ya bunduki, ingawa hata ile nimeshaikwepa mara mbili, na ya pili ilinipita sikioni ikaomba radhi. Hii ni madini, yale mazito ya ndani ya betri. Na mchicha wangu, mchicha unaogombewa sokoni hadi watu wanavuana vilemba, unainywa.

Halafu akampima mwanawe. Sisimizi, ndivyo tunavyomwita kwa kuwa hatulii, amekaa kwetu tangu mama yake alipokwenda masomoni. Ameota meno kwa mboga zangu. Amecheza kwenye udongo wangu hadi nikawa namwambia mke wangu, huyu tusimwogeshe, tumpalilie. Damu yake ina risasi kupita kiasi.

"Kiasi chenyewe ni kipi?" nikauliza.

"Hakuna kiasi, Mjomba. Haitakiwi kabisa."

Machi 3

Tumekaa kikao cha familia jikoni. Mpwa wangu amepanga chumba kimoja na wenzake watatu, hana pa kumlaza mtoto. Amesema ataleta masanduku ya mbao na lori la udongo safi kutoka mbali, tupande humo mboga za mtoto, na asikanyage tena shambani. Shambani tutapanda alizeti, zifyonze risasi. Kisha atapima damu tena.

"Ikishuka, anabaki kwenu. Ikipanda namchukua, tutajua huko huko pa kulala."

 Mke wangu alikuwa anamsuka Sisimizi, akaendelea kusuka. Mtoto ndiye aliyesema, "Bibi, unavuta."

Machi 6

Tumepanda. Mistari yangu imenyooka hivi kwamba fundi mwashi wa jirani amekuja kuazima macho. Mvua kidogo.

Mama Sauti, yule anayenunua mboga zangu kwa jumla, amekuja na vikapu vitupu.

"Mzee Chumvi, mchicha uko wapi?"

"Shamba linapumzika."

"Shamba linapumzika au wewe ndiye unayepumzika? Nimeona alizeti. Umeanza kulima maua sasa, unataka kuoa?"

Nikamweleza. Nikamwambia msimu mmoja tu, alizeti zitanyonya sumu yote, nitarudi na mchicha ambao haujawahi kutokea. Aliweka vikapu vyake chini. Kisha akauliza polepole, "Na ule tuliokwisha kula?"

 Nikamwambia yeye ana mwili mkubwa, hautaonekana.

Machi 9

Jumamosi, siku ya mpwa wangu kuja. Amenisomesha akiwa anakata kitunguu, machozi yanamtoka.

"Unaona hiki kinachoniliza? Kina salfa, ile ile ya kwenye njiti ya kiberiti. Mmea hauna miguu, Mjomba. Sumu ikija haukimbii. Sasa unafanyaje? Unasokota vikamba vidogo vyenye salfa, vidogo hata hadubini yetu haivioni. Vinaidaka risasi, vinaifunga, isizurure ndani ikaharibu. Kisha mmea unaisukuma kwenye chumba cha nyuma, maana kila chembe ya mmea ina chumba chake, na unafunga mlango."

"Humo inaisha."

"Haiishi. Risasi haiozi, haiyeyuki ikapotea. Imefungiwa tu, na mmea unaishi nayo."

Nikamwambia hata mimi nina msumari tumboni niliomeza ujanani, nimeupangisha chumba cha nyuma na unalipa kodi. Sisimizi alicheka hadi akapaliwa.

Nikamuuliza shamba litasafika lini. Akaweka kisu chini.

"Alizeti itatoa kijiko, Mjomba. Chini kuna magunia. Hata mimi sitaishi kuona mwisho wake. Napanda kwa sababu siwezi kukaa bila kufanya kitu."

Hao ndio wasomi, wana huzuni kama fundi wa majeneza. Mimi naandika hapa: msimu mmoja. Miwili kwa wavivu.

Machi 10

Mvua.

Machi 15

Mvua kubwa. Tumejifungia ndani. Nimewasimulia habari za boga langu la mwaka wa ukame, lile lililokuwa kubwa hata mbuzi akaingia kwa tundu la ubavuni, akazaa humo watoto wawili.

"Watatu!" Sisimizi akaruka. "Juzi walikuwa watatu, Babu! Na mmoja ana doa jicho moja!"

"Jicho lipi?"

"La huku!"

Siwezi kudanganya nyumba hii tena. Mtoto ana kichwa kama kufuli.

Machi 28

Alizeti zimefika magotini. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi juu ya kitu kibaya hivi. Majani mapana, ya kijani ya kung'aa, hayana hata alama. Unadhani zinakunywa maziwa.

Mchicha wa kwenye masanduku nao umeota. Mtoto anakula huo tu. Tunamnawisha mikono hadi analalamika kuwa itaisha.

Aprili 13

Mpwa wangu ameng'oa alizeti moja anionyeshe mizizi. Anasema risasi nyingi imekwama humo mizizini, inayopanda juu ni kidogo. Mzizi unatoa maji yenye ukali kidogo, kama ya limau, unayamwaga kwenye udongo ili madini yalegee. Yakishaingia ndiyo vile vikamba vinayapokea. Na yale yanayofika juu mara nyingi yanapelekwa kwenye majani ya chini, yaliyozeeka, ambayo yatadondoka hata hivyo.

"Yaani mizigo anabebeshwa mzee," nikasema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Hata mimea haina adabu."

Mke wangu akacheka. Muda mrefu sikuwa nimemsikia. Ni mtu wa kufungia chumba cha nyuma yule. Tangu siku ya kikao hajataja damu ya mtoto hata mara moja, lakini nimemkuta akinusa kucha za Sisimizi baada ya kumwogesha, kana kwamba risasi ina harufu.

Aprili 27

IMESHUKA! Damu ya mtoto imeshuka. Si sana, mpwa wangu anasema tusipige vigelegele, lakini mimi nimevipiga peke yangu hadi jirani akachungulia kuuliza nani kaolewa. Nimekwenda sokoni kwa makusudi, bila cha kununua wala cha kuuza. Nimemwambia Mama Sauti, muuza mkaa na fundi viatu. Kufikia kwa fundi viatu damu ilikuwa imekwisha kabisa risasi, na daktari ameomba mbegu zangu.

Mei 4

Tumezing'oa zote pamoja na mizizi, kabla hazijatoa mbegu, ndege wasije wakala. Tumevaa glavu na vitambaa vya pua. Udongo uliobaki kwenye mizizi tuliukung'utia pale pale shambani. Magunia yamejaa banda zima. Mpwa wangu kasema ofisi yao itatuma lori, yapelekwe kwenye shimo lililojengewa lisivuje.

"Zisiliwe, mbuzi asipewe, zisifukiwe. Ziache tu humo bandani."

Nikasema nimeelewa. Mimi kitu kikisemwa mara moja kinaganda.

Mei 11

Lori halikuja. Mvua.

Mei 15

Mvua. Lori halikuja.

Mei 18

Mpwa wangu hakuweza kuja, barabara imekatika. Lori ndiyo kabisa.

Mei 23

Mvua haijakatika wiki nzima. Kuni zote zimelowa, muuza mkaa mwenyewe hana mkaa. Mke wangu amepuliza moto tangu alfajiri hadi macho mekundu, jiko linatoa moshi tu. Mtoto kajikunyata kwenye kitenge, anataka uji.

Nikaenda bandani. Mabua ya alizeti yamekauka, yanalia ukiyagonga, na mizizi imekuwa kama kuni za mgahawa. Nikabeba mzigo.

Mke wangu alisimama mlangoni pa jiko.

"Hizo si ndizo zenye sumu?"

"Kwani tunazila? Tunazichoma. Moto unaua kila kitu, mke wangu. Shamba likiwa na wadudu unafanyaje? Unachoma. Kitanda kikiwa na kunguni? Unakichoma moto miguu."

"Una uhakika?"

"Yeye kasema zisiliwe, mbuzi asipewe, zisifukiwe. Hakutaja moto."

Alinitazama kidogo. Kisha akasogea nikapita.

Ziliwaka vizuri ajabu. Uji ulichemka kabla hata sijamaliza kujisifu, na Sisimizi akaja kuota moto magotini pangu. Magunia yasiyochukuliwa na lori la serikali nzima nayamaliza mimi kwa jiko moja.

Mei 25

Kuni nzuri. Mvua.

Mei 29

Vidukari wamevamia mchicha wa mtoto kule kwenye masanduku, wamejaa chini ya majani kama upele. Dawa ya dukani siwezi kumwekea mtoto. Nikakumbuka marehemu baba. Yeye alikuwa hanunui dawa, alikuwa na majivu. Unayachekecha yawe kama unga, unapeperusha juu ya majani umande ukiwa bado upo, wadudu wanakimbia bila kuaga. Yakishaanguka chini yanakuwa mbolea. Hakuna kinachopotea kwa mkulima wa kweli.

Majivu tunayo, jiko limejaa. Nimeyachekecha kwa chujio la chai. Sisimizi alinishikia bakuli, akapata ndevu nyeupe kama mimi.

Juni 3

Vidukari wamekwisha. Baba angenipa mkono.

Juni 8

Mpwa wangu amefika, amechoka, amekaa na mwanawe na kuondoka mapema kabla ya mvua. Hakwenda bandani. Kamuona mtoto kapauka, kasema labda minyoo.

Juni 11

Nimerudia majivu. Mvua.

Juni 13

Sisimizi hakula. Tumbo.

Juni 14

Tumbo.

Juni 17

Nimemwambia twende mbio hadi kwenye geti, nitajifunga mguu mmoja ili nisimwonee. Akasema, "Wewe kimbia, Babu, mimi nitaangalia." Akakaa kwenye kizingiti mikono mapajani, kama mtu aliyerudi kazini.

Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Alibaki na shati langu mkononi, hakulianika wala hakuliweka chini.

Juni 19

Nimesimulia boga. Nikasema watoto wa mbuzi walikuwa wawili, nikangoja. Alichelewa. Nikadhani kalala.

"Watatu," akasema.

Hakusema habari ya doa.

Juni 22

Nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Mpwa wangu alikuja na habari njema, lori limepatikana. Akaenda bandani kuhesabu magunia. Nilikuwa barazani nachonga mpini. Nikaona hatoki. Nikaenda. Alikuwa amesimama katikati ya banda, magunia mawili tu mbele yake.

"Mjomba, mengine yako wapi?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nilijua atafurahi. "Mimi nikingoja lori la watu? Nimeyachoma. Sumu yote imekwenda na moto."

"Umechomea wapi?"

"Jikoni. Mvua hii, kuni zimelowa..."

"Majivu yako wapi?"

Hapo sauti yake ilishuka chini sana. Ningependa angepiga kelele. Nikamwambia hayakupotea, nimeyatumia vizuri, vidukari walikuwa wameingia kwenye...

Sikumaliza. Alishatoka mbio. Nilimkuta kapiga magoti kwenye masanduku, kashika jani la mchicha, analifuta kwa kidole gumba, anatazama kidole.

"Moto unachoma mmea, Mjomba. Unachoma jani, unachoma vile vikamba, unachoma chumba na mlango wake. Risasi hauichomi. Ule mzigo wote wa mabua umekuwa konzi moja ya majivu, na risasi iko ndani ya konzi hiyo. Alizeti zilikuwa zimeifunga. Wewe umeifungua."

"Nilidhani moto unaua."

"Inauawaje, Mjomba? Haina uhai."

Nilitaka kusema kitu. Mimi sijawahi kukosa neno, hata msibani ndiye ninayeitwa kuchangamsha watu. Nilitafuta, sikupata.

Mke wangu alikuja kwa nyuma akifuta mikono. Nikajua sasa atasema: nilimuuliza, nikamwambia, hakusikia. Alikuwa na haki. Akasema, "Mimi ndiye niliyepika na hizo kuni, mwanangu. Na mchicha nilichuma mimi."

Mpwa wangu akainamisha kichwa juu ya sanduku. Sisimizi alikuwa mlangoni, anatutazama kama watu wa mbali.

Juni 29

Damu imepanda. Imepita pale ilipoanzia. Ya mke wangu pia ni mbaya. Yangu sikukubali kupimwa.

Nikauliza kama hospitali hawana vikamba kama vya mimea. Mpwa wangu akasema dawa za namna hiyo zipo, zinadaka risasi kwenye damu na kuitoa na mkojo. Mtoto ameandikiwa.

"Basi atapona," nikasema.

"Itashuka kwenye damu. Iliyoingia mfupani itakuwa inatoka kidogo kidogo kwa miaka. Na iliyokwisha gusa ubongo, Mjomba, dawa hairudi nyuma ikatengeneza."

Kisha akanishika mkono, yeye mimi. Afadhali angenipiga kofi.

Julai 2

Wameondoka. Mke wangu alifua nguo zote za mtoto mara mbili, na begi pia. Mpwa wangu alikuwa amesema vitu vya kitambaa viachwe, vumbi limeingia, kwa hiyo mdoli wake wa matambara umebaki. Sisimizi hakuulilia. Hilo ndilo lililomtoa mke wangu machozi. Alikuwa mtoto wa kulilia hata kijiko.

Walipofika kwenye geti mpwa wangu akasema, "Sijakukasirikia, Mjomba." Najua ni kweli. Jambo lenyewe ameshaliweka chumba cha nyuma.

Julai 6

Lori limekuja.

Dereva, kijana mchangamfu, akasema, "Mzee, magunia yako wapi? Nimeambiwa banda zima."

Nikampa yale mawili. Kisha nikachukua koleo, nikajaza mengine kwa udongo wa kwenye masanduku. Ule ule safi, uliotoka mbali.

"Mbona udongo mzuri hivi unautupa?" akauliza. "Mweusi kabisa, huu ungeota hata mpini wa jembe."

Nilikuwa na hadithi hapo hapo, mpini wangu ulioota machungwa. Ilinijia hadi mdomoni. Nikaendelea kuchota.

Julai 13

Mpwa wangu ametuma mbegu za nyasi na maelezo kwa simu. Hizi hazinyonyi. Kazi yake ni kuishikilia risasi kule kule mizizini, isipande jani wala isipeperuke na vumbi. Hazivunwi, hazikatwi, mbuzi asiziguse. Zinakaa. Nilimuuliza mpaka lini, akasema kwa upole kwamba hilo ndilo shamba sasa.

Nimepanda. Mistari haikunyooka. Mke wangu alinifuata na ndoo, tukafanya kazi hadi mwisho. Mama Sauti alipita barabarani, akasimama, akatazama. Hakunitania.

Mvua zimekwisha.

Julai 20

Nyasi zimeota. Nimemfukuza mbuzi wa jirani.

Jioni mpwa wangu amepiga simu, akampa Sisimizi. Anakunywa dawa, anasema ni chungu. Nikamuuliza kama anataka hadithi, akasema ndiyo.

Nikamsimulia boga. Nililipuliza likawa kubwa kuliko siku zote, nikalifikisha kwenye paa. Nikamwingiza mbuzi kwa tundu la ubavuni. Mke wangu alikuja akakaa karibu yangu, sikio kwenye simu.

"Basi yule mbuzi," nikasema, "akazaa humo watoto watano."

Nikangoja.

"Watano, Sisimizi," nikasema. "Wote weupe. Hakuna hata mmoja mwenye doa."

Nilimsikia anapumua.

"Sawa, Babu," akasema.